Sampuli Haifuliwi

Haya hayakumpata mtu wa kusikia. Yalimpata Felisia, mtoto wa marehemu dada yangu, na Felisia si mtu wa kuona mashetani. Ni mtu wa kuona uzi uliopinda.

Siku ilianza vizuri tu. Asubuhi ya joto la Guangzhou, Uchina, hewa nzito kama shuka lililolowa. Felisia na mumewe Jovin walikunywa chai kwa Mkongo mmoja wa mtaa wa Dengfeng, wakapanda treni ya chini ya ardhi hadi Kangle, kwenye vichochoro ambako kila nyumba ni karakana ya cherehani na kila mlango unatema vipande vya nguo. Kwenye begi walibeba jezi moja ya mwendesha baiskeli.

Jezi hiyo Felisia aliichomoa kwenye belo la mitumba sokoni Bukoba. Mjini pale kuna klabu ya mabwana wa maofisini, wenye vitambi, wamejinunulia baiskeli nyembamba za bei mbaya, sasa wanataka sare. Wakaipenda ile: ya Kitaliano, ya kubana, rangi ya krimu. Mgongoni imechorwa barabara nyeupe ya changarawe. Inaanzia kwenye pindo, inapanda vilima kona kwa kona, inapita mashamba ya mizabibu na mizeituni, miti myembamba iliyosimama kama mishumaa, na vijiji vyenye majina ya kwao. Inavuka bega la kushoto, inateremka kifuani, inaishia juu ya moyo. Hapo palikuwa na tundu, na tundu limezibwa kwa sindano ya mkono. Aliyeziba alikuwa na macho mabovu au alikuwa analia. Yote mawili huharibu mshono.

Na chini kabisa, kwenye pindo, kijitu chekundu juu ya baiskeli, ukubwa wa punje ya maharage.

Mitumba sisi wa zamani tuliiita kafa Ulaya, na haikugusa mwili kabla ya kulala ndani ya maji ya chumvi. Felisia anajua, amelelewa kwangu. Ila biashara nayo ina amri zake: sampuli haifuliwi. Rangi ikipauka kidogo tu, kiwanda kitakunakilia na mpauko wake. Kwa hiyo jezi ilitoka kwenye belo ikaingia kwenye begi, na jasho la mwenyewe ndani yake.

Mwenye karakana ni mama mmoja wanayemwita Laoban Mei, yaani bosi Mei. Aliigeuza jezi, akaweka pua kwenye ule mshono wa kifuani, akairudisha mezani kwa ncha za vidole.

"Buyao," alisema. Sitaki.

"Hutaki kazi?" Felisia alicheka. "Tangu lini?"

Mei akaongea kwenye simu yake ya kutafsiri. Sauti ya kike isiyo na mwili ikatoka kwa Kiswahili kilichonyooka: "Mwenye nguo amekufa. Kwetu nguo huchomwa ili imfuate. Hii haijamfuata."

"Mwambie kwetu tunavaa za wafu na hatuugui hata mafua," Jovin alisema. "Suruali niliyoolea ilikuwa ya marehemu Mjerumani."

"Ndiyo maana uliikunja mara nne," Felisia akamjibu.

Wafanyakazi wakacheka bila kuelewa. Mei hakucheka. Mwishowe akakubali kupima, ila hakuna fundi wake atakayeivaa. Na jezi ya kubana huwezi kuipima ikiwa imelala mezani, inataka mwili.

"Mwili huu hapa," Jovin akasema, akavua shati. Huyo ndiye Jovin. Hata kaburini atajitolea kujaribu jeneza. Akapandisha zipu hadi kidevuni, akashika kiuno. "Mama Sarah, nipige picha. Nafanana na Mtaliano?"

"Unafanana na soseji. Geuka."

Akampiga picha mgongoni, ya kuwatumia mabwana wa klabu. Alipoitazama, kijitu chekundu hakikuwa kwenye pindo. Kilikuwa kwenye kona ya kwanza ya kilima. Felisia akajiambia nguo imevutika kwa sababu ya tumbo.

Jovin akakaa kwenye stuli kusubiri. Felisia na Mei wakainama kwenye vitambaa vilivyoletwa kutoka soko la Zhongda, wakibishana kipi kinavutika. Kelele za cherehani ziliwafunika. Kisha cherehani moja ikanyamaza. Ikafuata nyingine. Felisia akainua kichwa.

Mafundi walikuwa wanamtazama mumewe.

Alikuwa ameketi palepale, ameinama mbele, ngumi zimeshika hewa. Miguu yake ilikuwa inazunguka chini ya stuli. Polepole, kwa uzito, kulia, kushoto, kama mtu anayepanda. Jasho linamchuruzika. Kwenye nyusi zake palikuwa na vumbi jeupe.

"Baba Sarah, acha mchezo."

"Kilima hiki hakina huruma," alisema, bila kumtazama. "Unasikia? Wanakamua zabibu."

Felisia akavuta pumzi ili amtukane. Akaisikia harufu. Tamu, nzito, iliyoanza kuchacha.

"Vua hiyo nguo."

"Siwezi kusimama katikati ya kilima. Nitaanguka."

Akashika zipu. Imekataa. Akavuta pindo kumvua kwa juu. Nguo imeganda mwilini kama ganda la ndizi mbichi. Akamzunguka, akatazama mgongo.

Kijitu kimevuka mizeituni. Kimevuka kijiji cha mwisho. Kiko chini ya shingo, na hakikusimama. Kilikuwa kinatambaa, kama siafu.

"Jovin," alinong'ona. "Mume wangu. Shuka."

Kikafika begani. Miguu ya Jovin ikatulia.

Felisia akashukuru Mungu. Akashukuru mapema.

Ilianza kama mdudu ukutani. Tik. Tik. Tik tik tik. Mtoto wa Bukoba, mji wa milima, hafundishwi mlio huo. Ni baiskeli inayoteremka bila kukanyagwa.

Jovin akatabasamu. Feni ilikuwa imezimwa, na jezi ilikuwa inapepea.

"Mteremko," alisema.

Felisia akazunguka mbele. Kijitu kilikuwa kwenye mfupa wa bega, kinakuja. Akaifuata barabara kwa macho hadi inakoishia. Kwenye tundu. Juu ya moyo. Sasa ndipo alipoelewa alichokuwa akikiziba yule mshonaji.

Tiktiktiktik.

Simu ya Mei ilikuwa bado iko wazi mezani. Hakuna aliyeongea. Hata mmoja. Ile sauti isiyo na mwili ikasema, kwa utulivu, kwa Kiswahili:

"Breki hazishiki."

Mei akapiga yowe. Felisia hakupiga. Alinyakua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Zipu imekataa, lakini hakuna nguo inayoukataa mkasi. Swali ni wapi. Akiikata shingoni, kijitu kiko mbele tayari. Akiukata mshono, Mungu anajua kinachotoka. Akaingiza ncha chini ya kitambaa, kati ya kijitu na moyo wa mumewe.

Akaikata barabara.

Karakana nzima ilisikia. Mkwaruzo mrefu wa mpira kwenye changarawe, na harufu ya kuungua. Jovin akarushwa mbele kutoka kwenye stuli, akaanguka kifudifudi sakafuni. Nguo ikamwachia yenyewe.

"Nani kanisukuma?" aliuliza. Sakafu ni ya vigae, laini. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, na ndani ya michubuko mna vijiwe vyeupe.

Felisia akamkalisha, akamsikiliza moyo. Unapiga. Kisha akaokota jezi, akaitandaza. Upande huu wa mkato, barabara tupu. Upande ule, tupu. Kijitu hakikuwepo popote.

Mei aliichoma uchochoroni, ndani ya debe, pamoja na zile karatasi wanazowachomea wafu wao. Nguo za aina ile huyeyuka na kudondoka. Hii iliwaka kavu, kama majani ya migomba, hadi ikaisha.

Mabwana wa klabu walipata jezi za bluu zisizo na mchoro, wakanuna, wakavaa. Jovin ni mzima. Anakula, anacheka, anatania wake za watu Dengfeng. Anasema hakumbuki kitu.

Ila huoga usiku, akalala safi. Asubuhi, kwenye kigimbi cha mguu wa kulia, pana alama nyeusi ya girisi, meno yamejipanga nusu duara, kama apatayo mtu aliyegusa gia ya baiskeli inayozunguka. Felisia humsugua kwa sabuni na mafuta. Inatoka yote. Kesho yake ipo tena, mbichi, na ukiigusa ina moto.

Jovin hana baiskeli. Mkewe hamuulizi usiku anakwenda wapi, maana usiku kucha yuko ubavuni pake, amemkumbatia.

Siku hizi Felisia ananunua mashuka meusi tu.