Kilomita Ishirini na Moja kwa Kamba Moja

Nyumbani kwa Kipkemoi, kijiji kimoja nje kidogo ya Litein, siku huanza na ng'ombe. Alfajiri binti yake Chepkirui huwa ameshachukua ndoo na kigoda. Ana miaka kumi na tisa. Macho yake yaliacha kuona akiwa na miaka saba, baada ya ugonjwa. Lakini mikono yake inawajua ng'ombe wote watatu, na akimaliza kukamua hakuna tone linalobaki. Mama yake, Rodah, hupika chai. Baba hubeba kikapu na kushuka shambani kuchuma majani.

Asubuhi moja redio ilitangaza mbio. Ilikuwa nusu marathon, yaani kilomita ishirini na moja na kidogo. Wakimbiaji wangetoka Bomet mjini, wafike Silibwet, wazunguke vijiji vya karibu, kisha warudi. Ilikuwa imebaki miezi mitano.

"Baba, mimi nataka kukimbia hiyo," Chepkirui alisema.

Kipkemoi aliweka kikombe chini. "Hiyo ni mbali sana."

"Najua. Kule shule nilikuwa nakimbia zile fupi. Mwalimu anashika kamba upande moja, mimi nashika upande ingine. Sasa nataka kujua kama naweza hii refu."

"Na hapa nyumbani nani atashika kamba?"

"Si wewe?"

Rodah alicheka mpaka chai ikampalia. Mumewe alikuwa na miaka arobaini na sita, na tumbo lilikuwa limeanza kumtangulia kila aendako.

"Unacheka nini?" Kipkemoi aliuliza. "Mimi ni Mkipsigis. Hii kitu iko kwa damu."

"Iko kwa damu ya nani? Tangu tuoane nimekuona ukikimbia mara moja tu. Ulikuwa unafukuzwa na nyuki."

Kipkemoi hakucheka. Tangu Chepkirui amalize shule, mwaka mzima sasa, alikuwa hatoki nyumbani ila kwenda kanisani. Wageni wakija walimuuliza Rodah, "Huyu anakunywa chai?" kana kwamba msichana hana mdomo. Jambo hilo lilimchoma baba yake, ingawa hakuwahi kulisema. Sasa binti ameomba kitu kimoja, na hawezi kukipata bila mtu wa kushika kamba. Baba akishindwa, na binti ameshindwa.

"Tutakimbia," alisema.

Angepaswa kuuliza jinsi ya kuanza. Lakini amuulize nani? Pande hizi, mtu mzima akisema anataka kufundishwa kukimbia, watu humwangalia kama anayetaka kufundishwa kumeza mate. Vijana wa mazoezi hupita barabarani kila asubuhi, wepesi, wakiongea na kucheka. Kipkemoi alijiambia kwamba kama wao wanaweza, na yeye ataweza. Wote si ni watu wa huku huku?

Kesho yake alikunywa kikombe kikubwa cha mursik, yale maziwa lala ya kibuyuni, ili apate nguvu. Akachukua kamba ya ndama. Akafunga upande mmoja kwenye mkono wa Chepkirui, akashika upande wa pili, akatangulia.

"Baba, tunafaa kukimbia pamoja, bega kwa bega," Chepkirui alisema.

"Wewe nifuate tu."

Vijana walipopita, akajaribu kuwafuata. Alifika nao mpaka kituo cha kununulia majani chai. Hapo mursik ikaanza kupiga kelele tumboni, naye akashika magoti, akihema. Kesho yake akarudia. Na keshokutwa. Hata Jumapili, baada ya ibada, walikimbia.

Wiki ya pili Chepkirui alianguka. Kulikuwa na shimo barabarani, Kipkemoi akaliruka, akasahau kusema. Magoti yote mawili ya msichana yalichubuka. Alikaa chini akijipangusa vumbi.

"Baba," alisema taratibu, "mimi si ndama."

Wiki ya tatu ilikuwa zamu ya baba. Mfupa wa mbele wa mguu wake wa kulia ulianza kuuma, kwanza kidogo, kisha sana. Alikaza meno akakimbia hivyo hivyo kwa siku nne. Siku ya tano alishindwa hata kushuka shambani. Rodah alichuma chai peke yake.

Jioni Chepkirui alikaa karibu na baba yake.

"Kama haiwezekani, sema tu," alisema. "Mimi sitakasirika. Nitabaki na ng'ombe zangu."

Hakulia wala hakunung'unika. Kipkemoi alitamani afadhali angelia. Usiku ule aliona aibu kuliko siku nyingine yoyote, na aibu haikuwa ya mguu.

Siku ya soko alienda Litein akichechemea. Huko Wamuyu huuza viatu vya mitumba. Watu humwita Mama Thuo, kwa jina la mwanawe. Wazazi wake walihamia kutoka Nyeri, lakini yeye amezaliwa Litein, na Kipsigis anakisema vizuri tu. Wamuyu amekimbia nusu marathon sita. Katika mbili kati ya hizo alimshikia kamba mwalimu mmoja asiyeona. Watu humtania kwamba mbio si za kwao, naye huwajibu kwamba ndiyo maana ilibidi aulize.

"Chamgei, Mama Thuo," Kipkemoi alimsalimu.

"Chamgei mising, Baba Chepkirui. Karibu viatu."

Kipkemoi alishika raba moja, akaigeuza, akairudisha. "Kuna mtu wa kwetu huko," alianza. "Anafanya mazoezi ya mbio. Sasa mguu inamsumbua."

"Pole yake. Anakimbia siku ngapi kwa wiki?"

"Zote saba."

"Na anapumzika lini?"

"Kupumzika ni ya wavivu."

Wamuyu alivuta kigoda, akamwonyesha akae. "Hebu niambie. Shamba yako ya chai, ukichuma leo, unarudi hapo hapo siku gani?"

"Baada ya siku nane. Ama kumi."

"Mbona usirudi kesho? Wewe ni mvivu?"

"Kesho nitapata nini? Lazima uache chai itoe majani mapya. Ukichuma kila siku utaua..." Kipkemoi alikuwa amejisikia mwenyewe.

"Endelea," Wamuyu alisema. "Nakusikiza. Na mguu ya huyo mtu wenu inatoa majani saa ngapi?"

Kipkemoi alikuna kichwa. Wamuyu akanyoosha mkono. "Haya, toa kiatu nione hiyo mguu. Litein yote inajua ni wewe. Walikuona ukikimbizana na wale vijana."

Waswahili husema mficha uchi hazai. Kipkemoi alivua kiatu, na alipokivua akaeleza yote: kamba, shimo, mursik, na yale maneno ya binti yake. Wamuyu alisikiliza bila kucheka, ila Kipkemoi alipofika kwenye mursik.

"Ukikimbia, misuli na mifupa inachoka," alimweleza. "Inajijenga ukipumzika. Usipopumzika, inaumia tu. Wale vijana wamejenga mwili miaka mingi, na hata wao wana siku ya kupumzika. Hakuna mtu anazaliwa akijua kilomita ishirini na moja."

"Sasa nifanye nini?"

"Kwanza, hospitali. Umepita miaka arobaini. Wapime presha, waangalie hiyo mguu. Usikimbie mpaka uchungu iishe. Halafu mnaanza polepole. Siku tatu kwa wiki: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Kimbia dakika mbili, tembea dakika mbili. Jumamosi ndio siku ya mbali, na kila wiki unaongeza kilomita moja hivi. Wiki ya nne unapunguza, mwili ipumue."

"Na mbio yenyewe iwe kasi gani?"

"Kasi ya kuongea. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha. Na wewe lazima uongee, kwa sababu wewe ni macho. Kuna shimo, sema. Kuna kona, sema. Kuna mlima, sema kabla ufike."

Kisha akatoa kamba ya kiatu, laini, ndefu kidogo kuliko kiganja, akaikunja na kuifunga ncha. "Wewe unashika huku kwa vidole, yeye anashika huku. Mnakimbia bega kwa bega. Usimvute hata siku moja. Yeye ndiye anaamua mwendo. Na mkifika mwisho, yeye anavuka mstari kwanza. Kwa mbio ya wasioona hiyo ni sheria. Ukimtangulia, umemharibia."

Alimchagulia raba iliyoacha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole vya mguu. "Hizi zizoee mapema," alisema. "Siku ya mbio hakuna kitu kipya. Si kiatu, si chakula. Na hiyo mursik utakunywa ukimaliza kukimbia."

Kwenye zahanati, muuguzi Eucabeth alimpima presha. Ilikuwa juu kidogo. Alimwambia apunguze chumvi, arudi baada ya mwezi, na asikimbie kwa wiki mbili. Kipkemoi alitii, jambo ambalo Rodah aliwasimulia majirani kama muujiza.

Jioni ya siku ile ile alimpa Chepkirui kamba ya kiatu. "Ulikuwa umeniambia," alisema, "na sikukusikiza."

"Mkono yako iko wapi?" Chepkirui aliuliza, akaishika kamba.

Mguu ulipopona walianza upya. Dakika mbili mbio, dakika mbili kutembea. Watoto wa jirani waliwapita huku wakiimba. Kipkemoi alihisi uso unawaka, lakini hakuongeza mwendo. Mwezi wa pili walikimbia kilomita nane bila kusimama. Mwezi wa tatu, kumi na mbili. Alipokwenda kupimwa tena, presha ilikuwa imeshuka.

Na kwa kuwa alilazimika kuongea, aliongea. Kwanza ilikuwa mashimo na kona. Kisha akaanza kumwambia nani anachuma chai, nani amepaka nyumba rangi, ng'ombe wa nani amevuka ua. Chepkirui naye alimwambia aliyoyasikia yeye. Katika miaka kumi na tisa hawakuwahi kuongea namna ile. Jumamosi ya kilomita kumi na nane walirudi nyumbani wakibishana kuhusu ndama, na Rodah akawauliza kama kweli wametoka kukimbia. Wiki mbili za mwisho walipunguza, kama Wamuyu alivyosema, ili waende Bomet na nguvu.

Siku ya mbio, Jumapili, walikula uji na viazi vitamu, chakula chao cha kila Jumamosi. Walisimama nyuma ya watu wote. Bunduki ilipolia, umati ulitoka kama maji ya bwawa.

"Wote wametuacha?" Chepkirui aliuliza.

"Wote."

"Vizuri. Tutaanza kuwapita Silibwet."

Na kweli, baada ya Silibwet walianza kuwapita waliotoka kwa fujo, wengine wamekaa kando wakijikanda miguu. Kwenye kila meza ya maji Kipkemoi alisema, "Maji kulia," wakanywa mafunda machache, wakaendelea.

Kilomita ya kumi na saba kulikuwa na mlima. Kipkemoi alisema, "Mlima, mrefu, unaanza..." Akavuta pumzi. Mapaja yalikuwa mazito. Jasho lilimwingia machoni. Aliona wazi kwamba binti yake ana nguvu bado, na kwamba anayechoka ni yeye. Hofu ikamshika. Miezi mitano yote, magoti yale yaliyochubuka, halafu aje amwangushe hapa?

"Baba, hujamaliza sentensi," Chepkirui alisema.

"Niko... sawa."

"Hauko sawa. Mimi ndio naamua mwendo, si ndiyo? Basi tunatembea."

"Watu wanatuangalia."

"Mimi siwaoni," Chepkirui alisema.

Kipkemoi alicheka, na kicheko kikampa pumzi. Walitembea dakika mbili, wakakimbia dakika mbili, kama wiki ile ya kwanza. Mlima ukaisha. Mteremko ulipoanza, Chepkirui akasema, "Sasa," nao wakaingia mjini Bomet wakikimbia. Watu pande zote mbili walikuwa wakiuliza jina la msichana, na yeye mwenyewe aliwajibu, "Chepkirui! Wa Litein!"

"Mstari mbele," Kipkemoi alimwambia. "Hatua ishirini. Kumi. Tano." Kisha akarudi nyuma nusu hatua, akamwacha apite.

Walikuwa wametumia saa tatu kasoro dakika mbili. Mshindi alikuwa ameshabadilisha nguo na kunywa chai. Kipkemoi alisimama katikati ya barabara akilia mbele za watu, bila aibu yoyote, na Rodah, aliyekuja kuwangojea hapo mwisho, akamfuta uso kwa leso yake.

Jumatatu ilikuwa siku ya kupumzika. Chepkirui alimaliza kukamua, akaja kukaa karibu na baba yake.

"Baba, jana nilibaki na nguvu."

"Nilijua."

"Mwaka ujao nataka kumaliza kwa saa mbili na nusu. Nitahitaji mtu wa kasi kidogo."

Kipkemoi alitazama majani ya chai yaliyokuwa yakimeta kwa umande. Maneno yale yalimchoma, lakini kwa muda mfupi tu. Miezi mitano iliyopita msichana huyu alikuwa tayari kubaki na ng'ombe. Sasa baba yake mzazi alikuwa mzito kwake. Alijikuta anatabasamu peke yake kama mtu aliyeuza maziwa kwa bei nzuri.

Jioni alikwenda kwa jirani, kumwomba Fancy, msichana mmoja kati ya wale vijana wa mazoezi, awe anamshikia Chepkirui kamba. Jumanne alimfundisha pale langoni. Alimwonyesha jinsi ya kushika kamba kwa vidole. Alimwambia asimvute, na asiache kuongea. Fancy aliitikia kwa heshima, nao wasichana wawili wakaondoka bega kwa bega.

Kipkemoi alibaki langoni akiwasikiliza, akivaa raba zake polepole kwa ajili ya mbio zake mwenyewe.

"Shimo kushoto," sauti ya Fancy ilisema.

"Nimesikia," Chepkirui alijibu. "Ongeza mwendo."