Mzee Bujiku Aipima Mita

Kila asubuhi Mzee Bujiku wa Samuye alilamba betri. Si kwa njaa, maana mkewe Euphrasia alimpikia uji mzito. Aligusisha kipande cha waya kwenye kitako cha betri, kisha waya na kichwa cha betri akavigusa kwa ulimi. Ulimi ukiwashwa, betri nzima. Ulimi ukinyamaza, betri inapandishwa juu ya bati ikaote jua pamoja na michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa.

Bujiku alikuwa mkulima wa pamba, umri miaka sitini na moja. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye redio. Alikuwa na sanduku la mbao lenye koleo, nyaya na bisibisi. Tangu amalize kisomo cha watu wazima, yeye na mkewe, alisoma kila karatasi iliyotaja umeme.

Sasa redio ya nyumbani ilikuwa bubu wiki mbili. Betri zilikuwa zimeota jua kila siku, bila faida.

"Baba Donatus," alisema Euphrasia, "unafungua, unafunga, unalamba. Redio haisemi. Sanduku hilo nampa kuku wangu atagie."

"Sanduku langu halitagiwi yai!"

"Basi nenda mjini kesho. Ukirudi bila kitu cha kuisemesha redio, kuku anahamia."

"Nitarudi na mita ya namba, ya kupimia umeme."

"Wewe? Mzee mzima?"

"Namba nilisoma nikiwa mzee. Mbona hazikukataa kuingia?"

Kesho yake alimfunga kamba beberu wake, akaenda naye Shinyanga mjini. Ilikuwa mwaka 1987. Mita za namba zilikuwa zimeanza kuonekana madukani, ndogo za kutia mfukoni. Hazikuwa na mshale kama zile za zamani. Zilionyesha namba kwenye kioo.

Fikirini, mwenye duka, aliposikia Bujiku anataka kubadilisha beberu kwa mita, alimtazama beberu, akamtazama Bujiku.

"Shikamoo mzee. Huyu kwa mita moja, tumekubaliana. Chagua." Aliweka mita mbili mezani. Moja ilikuwa kubwa, ya njano. Nyingine ilikuwa nyeusi, nyembamba kama kipande cha sabuni.

Bujiku aliipima ya njano kwa mkono. Ilikuwa nzito.

"Nipe hii."

"Umechagua kama mwanamume!" Fikirini alisema. Mikono yake ilikuwa tayari kwenye kamba ya beberu.

Kwenye baraza ya duka alikaa Melania, fundi redio aliyesomea umeme. Alikuwa binti wa jirani yao wa Samuye. Aliacha kazi yake, akasogea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu."

"Ukipeleka pamba kwenye mizani ya chama cha ushirika, unaanzaje?"

"Naitazama kwanza ikiwa tupu. Mshale uwe kwenye sifuri. Kisha napanda mimi mwenyewe. Uzito wangu naujua."

"Karani akisema, 'Mzee, usinisumbue'?"

"Namsumbua zaidi!"

"Sasa leo mbona huisumbui mita?"

Bujiku aliivuta kamba ya beberu kutoka mikononi mwa Fikirini.

"Ngoja kwanza."

"Mzee, hii ni elektroniki!" Fikirini alilalamika. "Haijaribiwi kama gunia."

"Kila kinachopima hupimwa. Melania, nionyeshe."

Melania alitoa betri kubwa mpya ya redio. "Betri hii mpya inapaswa kuonyesha volti moja na nusu, au zaidi kidogo. Geuza swichi kwenye volti za betri. Usipojua ukubwa wa umeme, anza na kipimo cha juu, kisha shuka. Waya mwekundu kwenye kichwa, mweusi kwenye kitako."

Bujiku aligusisha nyaya. Mita ya njano ilionyesha 1.93.

"Unaona!" Fikirini alipiga makofi. "Inaona hata nguvu iliyojificha!"

"Mizani inayozidisha ni mbovu kama inayopunguza," Bujiku alisema. "Kuna alama hapa pembeni. Ni nini?"

"Alama ya betri," alijibu Melania. "Mita nayo ina betri yake ndani. Ikichoka, mita inadanganya. Mara nyingi inazidisha."

Fikirini alileta betri mpya ya mita huku akinung'unika. Melania aliiweka. Sasa mita ilisoma 1.57.

"Imepona! Lete mbuzi."

"Bado," alisema Bujiku. "Sifuri iko wapi?"

Melania alicheka. "Geuza upande wa ukinzani, unaoonyesha kama njia ya umeme ni nzima. Kutanisha ncha za nyaya mbili. Isome sifuri, au karibu sana na sifuri."

Namba ziliruka kama panzi. Bujiku alipokunja waya mwekundu, ziliruka tena. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake. Na tundu ulipochomekwa lilicheza kama jino bovu.

Ile nyeusi ilisoma 1.57 kwenye betri. Nyaya zilipokutana ilisoma 0.2, ikatulia. Matundu yalibana. Swichi iligeuka kwa sauti, ikakaa pale pale. Namba zake zilikuwa kubwa, macho ya mzee yakazisoma bila kukunjwa.

"Hii."

"Mbuzi mzima kwa sabuni?" Fikirini alicheka.

"Mbuzi ni wangu. Macho ni yangu. Hii!"

Alipoondoka, Melania alimwambia, "Baba, hii ni ya betri na redio. Umeme wa ukutani usiuguse kabla sijakufundisha. Na ukipima ukinzani, toa betri kwanza."

Nyumbani, Euphrasia alikuwa amekwisha kuweka majani ndani ya sanduku. Bujiku alipima betri nne za redio, moja baada ya nyingine, redio ikiwa imewashwa. Zote zilikuwa nzima.

"Wiki mbili tunaanika betri zisizo na kosa," alisema.

Alizitoa, akapima njia ya umeme kutoka kwenye springi inayobana betri hadi kwenye waya wake. Kioo kilionyesha moja peke yake, upande wa kushoto. Melania alikuwa amemwambia hiyo ni alama ya njia iliyokatika. Aliinama akatazama. Springi ilikuwa imefunikwa na kutu ya kijani. Aliikwangua kwa msasa, akapima tena: 0.3. Alirudisha betri, akawasha.

Redio ikasema. Tena kwa sauti ya juu, maana Euphrasia alikuwa ameiacha hivyo alipokuwa akiigombeza.

Euphrasia alitoa majani sandukuni, konzi kwa konzi. Kisha akaleta tochi yake. "Nipimie hii. Haiwaki vizuri."

"Sikupimii."

"Kwa nini?"

Bujiku alimwekea mita mkononi. "Waya mwekundu kichwani, mweusi kitakoni. Kisomo tulikwenda wote."

Euphrasia alibana midomo. Aligusisha nyaya, akasogeza kioo karibu na uso.

"Sifuri," alisoma polepole. "Nukta. Tisa." Akainua macho. "Baba Donatus, betri hii imekufa. Na usiilambe!"