Ugonjwa Haungoji Zamu

Kila asubuhi Gracieuse alitembea kwenda shule kama aliye usingizini. Taa za kuongoza magari, ambazo wenyeji huziita roboti, katika njia panda ya mtaa wao wa Sydenham zilikuwa maua makubwa, mekundu na ya kijani, na nyuso za watu zilielea zikipita bila macho wala pua. Aliupenda ulimwengu wake huo laini. Darasani tu ndiko ulikomsaliti: maandishi ya ubaoni yaliyeyuka, naye akanakili kwa rafiki yake Rhoda.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alijua kabisa kwamba anaumwa macho. Alijua pia kwamba mama yake, Colette, na wasusi wenzake wa saluni ya Mama Verediana walichanga pesa mara mbili kila Jumamosi. Mchango mmoja ulikuwa wa likelemba, ambayo Watanzania huita upatu: wiki hii anapokea huyu, wiki ijayo yule. Mwingine ulikuwa akiba ya afya, iliyowekwa benki. Orodha ya zamu ilisomwa kwa sauti, na Colette alikuwa wa mwisho, Desemba. Maskini Gracieuse! Alidhani michango yote hufuata orodha hiyo moja.

Basi mwezi ule wa Septemba, mwaka 2012, aliamua macho yake yasubiri. Miezi mitatu si mingi, alijiambia, akaanza kuota miwani yenye fremu ya samawati.

Jumamosi moja alikuwa akimsaidia mama yake saluni. Mteja mmoja, Larissa, alikuwa ametoka kufumua rasta, na kichwa alikuwa amekikuna wiki nzima.

"Gracieuse, niletee krimu ya stimu!" Colette aliita.

Rafuni makopo yote yalikuwa meupe, ya krimu hiyo ya kulainisha nywele kwa mvuke na ya dawa nyingine. Gracieuse alichukua moja, na Colette, akiwa katikati ya maongezi, akapaka bila kutazama. Haikupita dakika Larissa akaruka kitini.

"Mama yangu! Kichwa kinaungua!"

Ilikuwa dawa ya kunyoosha nywele, ile kali. Walimkimbiza kwenye beseni wakamwagia maji mengi, na bahati nzuri ngozi haikuchubuka. Colette alimgeukia bintiye.

"Weye! Unaota ndoto hata kwa kazi? Jina si iko pale, kubwa hivi?"

Gracieuse alianza kulia. Mama Verediana akamshika bega taratibu.

"Mwanangu, hebu nisomee bei zile pale ukutani."

"Ni ukungu tu, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na hukumwambia mama yako?"

"Nilikuwa nangojea zamu yetu. Ya Desemba."

Colette aliketi kwenye kiti cha wateja, akafunika mdomo kwa mkono.

"Likelemba ndiyo yenye zamu," alisema Mama Verediana. "Akiba ya afya haina. Anayeumwa leo hulipiwa leo. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu."

Jumatatu walikwenda kupima macho. Akiba ikalipia vipimo na miwani, na baada ya siku kumi miwani ikawa tayari. Gracieuse aliivaa, akainua uso kumtazama mama yake. Akatazama kwa muda mrefu.

"Mama, iko mvi hapa! Na hapa!"

"Ni weye umezileta," alijibu Colette, akicheka huku machozi yakimtoka. Kisha akamvuta karibu. "Sikiliza, mtoto wangu. Uliniogopea pesa, najua. Lakini pesa ya afya ikilala benki na mtoto anaumia, hiyo ni karatasi tu. Mwili ukiuma, sema siku ile ile."

Gracieuse aliahidi. Kisha akaendelea kuzihesabu mvi, moja moja, na mama yake akatulia, akamwacha ahesabu.