Tumbo Lisilo na Baba

Mbele ya soko kuu la Kisangani, saa ya watu kusukumana, Benie alisimamisha toleka, baiskeli ya kubeba abiria. Kitenge chake cha njano kilikuwa kipya, kilemba kimepanda juu kwa maringo. Yannick, dereva wa shati jekundu, akalikodolea macho tumbo lake.

"Mama, mimba kubwa hivi na mashimo ya njia ya Kabondo? Mimi sitaki kuzalisha mutu njiani!"

"Mimba gani? Iko fibrome. Haina baba, haina jina, na hailipi nauli. Endesha!"

Kijana akacheka nusura aangushe baiskeli. "Na fibrome iko nini?"

"Uvimbe unaota kwenye kizazi. Si kansa, si uchawi. Wanawake wengi wako nayo. Yangu inanitoa damu siku kumi kila mwezi, mpaka ubao wa darasa nauona unazunguka."

"Basi mwalimu, shika kiuno changu, usianguke."

"Kwa usalama ao kwa tamaa?"

"Vyote, chérie."

Kwa miezi mitatu alimpeleka shuleni kila asubuhi, na jioni simu ilikuwa moto. Kisha daktari akapanga upasuaji. Angetoa uvimbe na kuacha kizazi, ila damu ikikataa kusimama, kizazi nacho kingetolewa.

Jioni hiyo Yannick akapiga simu. "Chérie, Mama anasema ungoje. Tuzae kwanza mutoto mumoja, kisha wakupasue."

"Ngazi tatu za shule napanda kwa kupumzika, nawe unaniambia kuzaa? Mama yako akuje abebe hii damu!"

"Benie, sikiliza..."

"Usiniite chérie kwa mdomo wa mama yako!"

Akakata. Siku tisa alitembea kwa miguu, kila shati jekundu akiligeuzia mgongo. Moyo ulimuuma kuliko tumbo, lakini tarehe hakuisogeza.

Asubuhi ya upasuaji, muuguzi akamwambia kwamba ndugu wasipotoa damu, daktari hataanza. Binamu wawili walioahidi walikuwa wamezima simu. Benie akauma mdomo. Mara Yannick akaingia wodini, pamba kwenye mkono.

"Nilileta wenzangu wawili. Mumoja aliona sindano akazimia. Lakini mimi na mwingine tumetoa."

Macho ya Benie yakalowa, ulimi ukabaki mkali. "Mama yako anajua?"

"Bado."

"Piga. Weka haut-parleur, wote wasikie."

Wagonjwa wote wakageuza shingo. Yannick akapiga.

"Mama, leo wanamupasua Benie. Kizazi kikibaki, nitamuoa. Kikitoka, nitamuoa."

"Yannick! Na wajukuu wangu?"

Benie akamnyang'anya simu. "Mama, kizazi kinaweza kutoka. Mimi nabaki."

Mwanamke wa kitanda cha pili akapiga makofi peke yake.

"Ulikula?" simu ikauliza, kwa sauti ndogo.

"Hapana, Mama, wamenikataza."

"Bon. Utakapoanza kula, nitaleta supu. Lakini kitenge cha harusi nitachagua mimi."

"Hapana, Mama. Nitachagua mimi."

Akamrudishia Yannick simu, akamwambia muuguzi asukume kitanda.