Filamu Aliyoiacha Faraj

Jumapili asubuhi Intisar alifagia ukumbi, akachemsha chai ya tangawizi, akaanika leso mbili, kisha akaketi kwenye ngazi. Kazi hizo hazikuchukua hata saa moja. Lakini alijihisi kama mtu aliyebeba magunia tangu alfajiri. Miezi minane ilikuwa imepita tangu kakake Faraj afariki, na uchovu wake ulikuwa wa namna hiyo. Ulianza kabla ya kazi.

Waliishi Mji wa Kale, katika nyumba ya ghorofa moja isiyo mbali na Ngome ya Yesu. Nyumba ilikuwa ya urithi. Warithi walikuwa wengi, nao walikuwa wameshakubaliana iuzwe. Jumamosi iliyokuwa ikija, funguo zingekabidhiwa mmiliki mpya. Intisar na mama yake, Bi Mwanakhamis, wangehamia Bondeni kwa jamaa zao.

Faraj alikuwa ameacha daftari. Alipokuwa hai alikuwa na duka la kupiga video za harusi. Katika daftari lile aliandika hadithi ya filamu fupi, aliyozoea kumsimulia Intisar. Mama mmoja amegombana na binti yake. Mama anakaa juu, binti anakaa chini. Kila siku mama humteremshia binti chakula kwa kikapu kutoka dirishani, na hawasemezani. Faraj aliandika kila jambo litokee katika nyumba hiyo: ngazi zile zile, dirisha lile lile. Nyumba ikienda, filamu nayo ilikuwa imekwenda.

"Tutaipiga wiki hii, tuanze leo," Intisar alimwambia mama yake. "Wewe utaigiza mama. Hadeel ataigiza binti." Hadeel alikuwa mtoto wa Faraj, msichana wa miaka kumi na tisa.

"Na picha atapiga nani?"

"Mimi."

"Na kuwaongoza watu?"

"Mimi."

"Na kupika je? Maana watu watakuja."

"Pia mimi, mama."

Bi Mwanakhamis alitikisa kichwa, akaenda kuchagua leso.

Ronny, kijana aliyefanya kazi na Faraj dukani, alikuwa amepiga simu mara mbili kuuliza asaidie nini. Intisar hakumjibu. Alitaka kila kitu cha kakake kipite mikononi mwake mwenyewe. Kumpa mtu mwingine aliona ni kama kumgawa Faraj.

Kamera aliijua. Katika harusi, upande wa wanawake mpiga picha huwa mwanamke, na Faraj alikuwa akimtuma yeye. Huko mpiga picha hasimamishi mtu. Huwasha kamera akafuata mambo yanavyokwenda, na mkubwa yeyote akisema, "Piga hapa," hupiga hapo. Basi Intisar akaipiga filamu kama harusi.

Saa tatu asubuhi hiyo hiyo alifika Abdulhadi, ami yake, akakalia kiti kizuri kuliko vyote.

"Haya, anza!" alisema.

"Ami, Hadeel bado hajavaa."

"Aanze hivyo hivyo. Mwanakhamis, pandisha sauti, wewe si mgonjwa! Hadeel, mbona waringa? Lia kidogo!"

"Hakuandikiwa kulia, babu," alisema Hadeel.

"Baba yako alisahau. Lia!"

Majirani nao wakaja, wakala, wakatoa maoni. Mmoja alitaka binti aombe radhi mapema. Mwingine alitaka mama avae dhahabu. Intisar alipiga picha kwa mkono mmoja na kukoroga wali kwa mkono wa pili. Siku hiyo ikapita, na Jumatatu ikapita vivyo hivyo. Jumatatu magharibi alilala na baibui lake, hata viatu hakuvua.

Jumanne alasiri waliketi kuzitazama picha. Wakati huo Mama Tony akabisha hodi. Jina lake hasa ni Ndinda. Alipanga nyumba ya jirani, na alikuwa amekuja kurudisha sufuria. Kwa miaka mingi alifanya kazi na watu wanaokuja Pwani kupiga filamu. Alianza kama mpishi wao, akaishia kuwa mtu wa kuwapangia kazi.

"Karibu, Mama Tony. Keti utazame," alisema Bi Mwanakhamis.

Ndinda akaketi, akavua kandambili, akanyoosha miguu iliyovimba. Alitazama dakika chache.

"Mbona kuna mvumo?" aliuliza. "Mama anasema kitu, lakini simsikii."

Wakasikiliza. Wote wakainua macho darini. Feni ilikuwa ikizunguka. Joto la siku zile lilikuwa kali, na hakuna aliyefikiri kuizima. Ilikuwa imevuma juu ya kila neno, siku mbili nzima.

"Na hapa," Ndinda aliendelea taratibu, "mama anaingia mlangoni na leso nyekundu. Anafika ngazini na leso ya buluu. Ameibadilisha njiani?"

"Ile nyekundu ni ya Jumapili!" alisema Bi Mwanakhamis. "Wataka nivae leso moja siku mbili mbele za watu? Waseme sina nyingine?"

Hadeel alicheka mpaka akashika mbavu. Ndinda naye alicheka. Intisar hakucheka. Alizima kamera, akaiweka mezani, akafunika uso kwa viganja.

"Hakuna kitu hapa," alisema. "Siku mbili, na hakuna kitu. Jumamosi twatoa funguo. Nimemharibia."

Ndinda akauliza, "Intisar, hapa kwenu mkiwa na harusi, pilau anapika nani?"

"Mpishi wa pilau."

"Ami Abdulhadi humwendea akamwambia sasa tia chumvi?"

"Thubutu!" alisema Bi Mwanakhamis. "Angepigwa kwa mwiko."

"Na anayepokea wageni ndiye anayempamba bibi harusi?"

"Hapana," alijibu Intisar. "Kila mtu na shughuli yake."

"Basi wewe ulitazama kamera ya harusi tu. Harusi yenyewe hukuitazama. Filamu pia ina watu wake. Sikiliza, nami nimechoka, nitasema mara moja."

Hadeel akachukua kalamu.

"Wa kwanza ni mwandishi," alisema Ndinda. "Huyo ni Faraj. Kazi yake ameimaliza. Msimwongezee machozi wala dhahabu. Kisha kuna mtayarishaji. Huyu ndiye anayehakikisha kazi inawezekana. Anatafuta watu, anapanga siku, anaomba kibali, anajua watu watakula nini. Hasimami mbele ya kamera, lakini asipokuwepo hakuna filamu."

"Na anayesema anza?" aliuliza Hadeel.

"Huyo ni mwongozaji. Anaishika hadithi nzima kichwani. Anawaambia waigizaji waseme vipi, na mpiga picha asimame wapi. Anza ni lake, na kata ni lake. Wakiwa wawili wanaosema kata, filamu imekufa."

Bi Mwanakhamis alikohoa kidogo. Wote walijua anamfikiria nani.

"Mpiga picha anatazama mwanga na picha tu," Ndinda aliendelea. "Fundi wa sauti anasikiliza tu. Yeye ndiye angesikia feni. Halafu kuna mtunza mwendelezo. Anaandika kila kitu: leso gani, kikapu mkono gani, mlango wazi au umefungwa. Kwa sababu picha za siku mbili zitaunganishwa ziwe dakika moja. Na wa kuziunganisha ni mhariri."

"Wote hao niwatoe wapi?" Intisar aliuliza. "Sisi ni watu wa nyumba moja."

"Mtu mmoja aweza kushika kazi mbili. Lakini ijulikane ni zipi, na ni za nani. Na yule Ronny wa Faraj, hajakupigia?"

Intisar aliinamisha kichwa. "Sikumjibu."

"Kwa nini?"

"Nilitaka iwe yetu. Nikiwapa watu, nini kitabaki kwangu?"

"Kitabaki cha kuongoza," alisema Ndinda. "Hicho hakuna mwingine anayekiweza. Wewe ndiye uliyemsikia Faraj akiisimulia. Lakini huwezi kuongoza huku wakoroga wali, mwanangu."

Intisar akachukua simu. Ronny alipokea kabla haijalia mara mbili.

Jumatano ikawa siku ya kupanga, na hawakupiga picha hata moja. Ndinda alikubali kuwa mtayarishaji na mtunza mwendelezo. Asubuhi alikwenda ofisini kuuliza habari za kibali, kwa kuwa filamu ya kuonyeshwa watu si kama video ya nyumbani. Alijua fomu ipi yatakiwa, na alasiri alirudi na kibali. Ronny alikuja kwa kamera, na uhariri ungekuwa wake pia. Alimleta rafiki yake Lennox, ambaye hushughulikia maikrofoni kanisani kwao. Lennox aliingia ukumbini, akasimama kimya katikati, kisha akasema, "Feni. Jokofu. Na kuna redio nyumba ya tatu."

Iliyobaki ilikuwa kazi ya ami. Ndinda mwenyewe alimwendea.

"Shikamoo, Mzee Abdulhadi. Tuna shida, na hakuna mwingine wa kuitatua. Tunataka msimamizi wa mahali. Ni mtu wa kuzungumza na majirani wazime redio, na kuwazuia wenye pikipiki wasipite tukipiga picha. Ni lazima awe mtu anayeheshimika kichochoro kizima."

Mzee alirekebisha kofia yake. "Wenye pikipiki hawatathubutu," alisema.

Alhamisi kazi ilikwenda polepole kuliko walivyodhani. Kila mara kabla ya kuanza, Lennox alizima feni, na kila mtu alitoka jasho. Bi Mwanakhamis alinung'unika juu ya leso nyekundu, lakini aliivaa asubuhi na jioni. Ndinda aliandika kila kitu. Mara moja alisema, "Kikapu kilikuwa mkono wa kushoto," na ikabidi warudie. Wali aliupika jirani. Intisar alikula ameketi, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Ijumaa, baada ya sala, ilibaki picha moja tu, ya mwisho. Mama yuko dirishani. Kikapu kimeshuka. Ndipo anasema neno lake la kwanza kwa binti baada ya mwezi mzima: "Leo sikutia chumvi. Njoo utie mwenyewe."

Ilikuwa saa kumi, na mwanga ulianza kuondoka kichochoroni.

Mara ya kwanza Bi Mwanakhamis alisahau. Mara ya pili sauti yake ilikatika katikati. Mara ya tatu alianza vizuri, kisha sauti nyingine ikatoka mlangoni.

"Kata! Mwanakhamis, yataka nguvu! Sema kama una hasira!"

Alikuwa ami. Ronny aliinua uso kutoka kwenye kamera, akamtazama Intisar. Wote walimtazama. Tangu azaliwe, Intisar hakuwahi kumkatiza mzee huyu.

"Ami," alisema polepole, "niwie radhi sana. Neno hilo leo ni langu."

Abdulhadi alibaki na mkono hewani. Kisha akaushusha. "Kweli," alisema. "Kweli, ni lako." Akatoka nje, wakamsikia akimfokea mtu wa pikipiki.

Intisar alipanda ngazi hadi kwa mama yake.

"Nimechoka, mwanangu," alisema Bi Mwanakhamis. "Kila nikilisema neno hili namsikia Faraj. Haitoshi ile ya pili?"

Intisar naye alitamani waishie hapo. Magoti yalimuuma. Lakini alijua ile ya pili haikuwa yenyewe.

"Usipaze sauti, mama. Wala usikasirike. Sema kama mtu aliyechoka kununa. Mara moja tu."

Akashuka. "Anza," alisema.

Bi Mwanakhamis alikishika kikapu. Alitazama chini, alipokuwa Hadeel. "Leo sikutia chumvi," alisema kwa sauti ndogo. "Njoo utie mwenyewe."

Hadeel alipanda ngazi, ngazi moja moja. Intisar aliacha kamera iende mpaka mtoto wa Faraj akafika juu na mlango ukafungwa.

"Kata," alisema.

Lennox aliondoa vidude masikioni. "Safi," alisema. "Nimesikia kila herufi."

Jumamosi walikabidhi funguo.

Wiki tatu baadaye walikusanyika Bondeni kuitazama. Ronny alikuwa ameiunganisha, dakika kumi na mbili. Mapazia yalifungwa, na majirani wakaketi mkekani. Maneno yalisikika yote. Leso ilikuwa moja. Mama aliposema neno lake dirishani, mwanamke mmoja nyuma alipenga kamasi kwa mtandio.

Kisha majina yakapanda, kila mtu na kazi yake. Ami Abdulhadi alilisoma lake kwa sauti, halafu akalisoma tena kwa waliokaa nyuma.

"Simamisha," alisema Bi Mwanakhamis. "Lile la juu kabisa limepita mbio."

Ronny akarudisha nyuma, akasimamisha. Yalikuwa maneno mawili tu: Mwandishi, Faraj.

"Hapo," alisema mama. "Liache hapo kidogo."

Wakaliacha.