Ubeti wa Mwisho wa Doña Tránsito

Kila siku akitoka shule, Amparo alibeba sufuria ya maharage aliyopika bibi yake hadi nyumba ya mwisho ya mtaa wetu, kwa bibi kizee Doña Tránsito. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alitembea polepole. Sufuria haikuwa nzito, ila nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwahi. Mama yake, Rosalba, alikuwa akishona nguo kiwandani Monterrey, mbali huko kaskazini, na alipiga simu Jumapili tu. Bibi yake, Chole, alishinda sokoni akiuza pilipili, akarudi jioni na kusinzia kabla hajavua kiatu cha pili.

Doña Tránsito naye aliishi peke yake, ukimwacha kuku mmoja asiyetaga.

"Huyu simchinji ng'o," alisema. "Ndiye pekee mtaani hapa anayenisikiliza bila kunisimulia magonjwa yake."

Zamani alikuwa mwimbaji. Alitunga nyimbo za kwetu, zile za fidla na magitaa, ambazo mwimbaji hupandisha sauti mpaka inavunjika juu kama ya jogoo mchanga, na watu huzicheza juu ya jukwaa mpaka mbao zilie. Alirekodi santuri kadhaa. Mchana, mtaa ukiwa kimya, alizipiga kwenye gramafoni na kubishana na sauti yake mwenyewe.

"Vuta pumzi, mjinga wewe!" alimfokea yule msichana wa kwenye santuri. Msichana hakuvuta.

Siku moja Amparo aliuliza, "Doña, mbona kwenye santuri ubeti wa mwisho haupo? Jikoni huwa unauimba."

"Uliliwa na bwana mwenye masharubu." Doña Tránsito alisukuma sahani. "Kwetu sisi, mtunzi akitaka kuaga hutaja jina lake kwenye ubeti wa mwisho. Si unajua? Basi nilipokwenda mjini kurekodi, yule bwana akasema santuri imejaa, hakuna nafasi. Wakaukata. Kila wimbo, wakaukata. Halafu kwenye karatasi ya katikati ya santuri wakaandika jina la nani? La masharubu! Watu wakacheza nyimbo zangu kwenye harusi, na mimi nimesimama palepale nikishika kikombe cha kahawa, hakuna anayenijua."

Wimbo mmoja hakuwahi kuurekodi. Aliuimba jikoni tu, mbele ya viti vyake viwili:

*Viti viwili mezani,*
*kimoja nimekalia;*
*kingine chahoji: nani*
*mimi atanikalia?*

Na mwishoni:

*Nakuaga, kiti changu,*
*mwenye nyumba kasafiri;*
*huu wimbo ni wa kwangu,*
*mimi Tránsito nakiri.*

Amparo aliushika wote kwa kusikia tu. Nyumbani aliuimba akiosha vyombo, kwa kuwa na kwao kulikuwa na kiti kama hicho, cha mama yake.

Mwezi wa Novemba ulipoanza, Mwalimu Evaristo aliwatangazia wanafunzi kwamba siku ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, watoto wataimba uwanjani mbele ya kanisa. Jumapili ile simu ilipolia, Amparo hakutaka kuulizwa tena kama amekula. Akamwimbia mama yake ule wimbo, bila ubeti wa mwisho.

 Rosalba akauliza kwa sauti ya mafua, "Nani kakufundisha, mwanangu?"

"Nimetunga mwenyewe."

"Wewe? Ee Mungu wangu. Basi nitaomba ruhusa kazini. Nakuja kukusikia."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mama yake kusema neno "nakuja". Amparo alikata simu, akakipangusa vumbi kiti cha mama yake.

Kwetu hakuna siri. Don Melquiades ana kipaza sauti juu ya paa lake, na hutangaza kila kitu: nani amechinja nguruwe, punda wa nani amepotea, nani wa kupewa pole. Siku chache kabla ya sikukuu alirusha mazoezi ya watoto, mtaa mzima ukisikia. "Na sasa," alinguruma, "wimbo uliotungwa na mrembo wetu Amparo, mjukuu wa Chole wa pilipili!"

Kesho yake Amparo alipofika na maharage, gramafoni ilikuwa imefunikwa kitambaa. Doña Tránsito alikula maharage yote. Alipomaliza, alifuta mdomo.

"Wimbo wako unachechemea," alisema. "Mguu mmoja umeusahau hapa kwangu."

Amparo aliichukua sufuria tupu.

"Mwambie Chole asilete chakula kesho. Nasafiri."

Hakusafiri popote. Siku zilizofuata mlango ulifungwa, na Amparo akarudi na sufuria ilivyokuwa. Siku ya tatu alimsikia kuku ndani, na mtu akimwambia kwa sauti ndogo, "Nyamaza. Hatupo."

Rosalba alishuka kwenye basi asubuhi ya sikukuu, mwembamba kuliko sauti yake ya simu. Alimkumbatia Amparo mpaka vifungo vya koti vikamwachia alama shavuni. "Kiwanda kizima nimekiambia," alisema. "Binti yangu mtunzi!" Amparo alicheka, akakimbilia kubeba mfuko wa mama yake.

Uwanjani, wapiga fidla wakaanza. Amparo alipanda jukwaani, akaimba ubeti wa kwanza na beti zilizofuata. Mama yake alikuwa mbele, analia bila aibu. Kipaza sauti cha Don Melquiades kilipeleka sauti hadi nyumba ya mwisho ya mtaa. Mpiga fidla akainua upinde ili afunge wimbo.

Amparo hakushuka. Alijua akiuimba ubeti ule, huenda mama yake asiseme "nakuja" tena. Akafumba macho, akauimba hadi mwisho.

*Huu wimbo ni wa kwangu,*
*mimi Tránsito nakiri.*

"Ni wa Doña Tránsito," akaongeza. "Mimi nilidanganya."

 Rosalba alimpokea chini ya jukwaa, uso umemshuka.

"Ulinidanganya mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulisema unakuja."

 Rosalba akamshika mkono, wakapita nyumbani kuchukua sufuria, wakaenda nyumba ya mwisho. Safari hii mlango ulikuwa wazi.

"Nisamehe, Doña," Amparo alisema mlangoni.

"Ingieni, maharage yanapoa. Wewe mdogo, geuza ile ndoo ukalie. Nina viti viwili tu, kama mji mzima ulivyosikia."

Walikula. Doña Tránsito aliweka kijiko, akamtazama mtoto.

"Sikiliza. Kumwondoa mtu kwenye wimbo wake ni kumwacha nje ya nyumba yake. Mimi nimelala nje miaka mingi, najua baridi yake. Leo umenifungulia, na mbele ya watu, kazi ambayo masharubu hakuiweza. Lakini ulichokitaka ni mama yako. Ungemwambia hivyo tu: mama, njoo. Ukweli ni mfupi, hauhitaji hata fidla." Akamgeukia Rosalba. "Na wewe, angekwambia hivyo, ungekuja?"

Rosalba aliangalia sahani yake. "Sijui, Doña," alisema taratibu. "Kuanzia sasa nitakuja."

Alipaswa kurudi kazini usiku uleule. Kabla ya kuondoka alitoa simu yake, akaiweka mezani. "Doña, uimbe nikurekodi. Nikasikilize kule."

Bibi kizee aliitazama ile simu kwa mashaka. "Kidude hiki hakijai?"

"Hakijai."

"Una hakika? Hakuna masharubu humo?"

"Hamna," Amparo alisema kutoka kwenye ndoo. "Nimeangalia."

Doña Tránsito akavuta pumzi, akaimba wimbo wote hadi jina lake, na kuku akadakia mwishoni bila kualikwa.