Ubao wa Arobaini na Saba

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Muuza maziwa akinijazia kopo kuliko kawaida, nauliza kwanza ametia maji kiasi gani. Kwa hiyo kaka yangu alipopata stoo ya mbao iliyotumika, ya kuweka uani, nilimuuliza mwenye nayo anaiondoa kwa nini. Kaka akasema nimezidi. Kweli tulikuwa tunaihitaji. Baiskeli zilikuwa sebuleni, magunia ya mkaa yamejaa korido, na mama akipita na mkongojo wake lazima ajigonge.

Kazi ya kuibomoa na kuileta alipewa fundi tunayemwita Kipimo, maana hakati ubao kabla ya kuupima mara tatu. Aliandika kila ubao namba kwa penseli, moja mpaka arobaini na sita, ili ajue upi unaanza na upi unafuata. Saba zake huzikata katikati kwa kistari. Jumamosi aliisimamisha uani, hatua tatu kutoka dirisha la chumba cha mama, na kufika adhuhuri korido ilikuwa tupu.

Wiki ya pili nilikuwa naanika nguo nikaona ubao wenye namba 47.

"Fundi ameongeza ubao?" nilimuuliza kaka.

"Atakuwa amekosea kuhesabu."

"Kipimo? Akosee kuhesabu?"

Siku chache baadaye mbao zilikuwa hamsini. Mwandiko uleule, saba ina kistari chake, na bati juu limefunika vizuri bila pengo.

Kaka akabadilisha kufuli. "Huyu mtu anatuchezea," akasema. "Anakuja nikiwa kazini." Mimi nilishafika mbali zaidi. Kimoyomoyo nilikuwa nimeshamwita fundi mchawi.

Nikapigilia kigingi cha chuma ardhini, kwenye ukingo kabisa wa stoo, upande wa mama. Kisha nikashinda uani siku nne, nachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Hakuja mtu. Siku ya tano nilifungua stoo nichukue mkaa, nikajikwaa. Ni kigingi changu. Kilikuwa ndani.

Mchana ule nilimpelekea mama chai. Alikuwa ameelekeza sikio dirishani.

"Mgeni wenu anakaribia," akaninong'oneza.

"Mgeni gani, mama?"

"Huyo wa hapo nje. Namsikia anavyojisogeza."

Niliogopa. Nilimwogopea mama, maana yeye si mtu wa kukimbia, hata choo anakifikia kwa shida. Nikamwambia ahamie kwangu. Akakataa katakata, kitanda chake hakiachi.

Tukamwita Kipimo. Alipofika, stoo ilikuwa imeshagusa fremu ya dirisha la mama, na ubao wa mwisho ulikuwa na namba 58. Fundi hakushusha hata mfuko wa vifaa.

"Mwandiko ni wangu," akasema taratibu. "Lakini sikuandika mimi."

"Fundi, unajua kitu," nikamwambia. "Sema."

Akatazama chini. "Nilipoikuta kule, ilikuwa imeegemea nyumba. Imeziba dirisha la chumba. Na hilo dirisha walikuwa wamelijengea matofali kwa ndani. Nikaona hayanihusu. Nilikuwa nataka kazi."

Nilitamani kumzaba kofi. Lakini alikuwa anarudi nyuma, mbali na stoo, na mtu anayetuchezea haogopi vile.

Tuliibomoa saa hiyohiyo, jua likiwaka. Kila ubao ukitoka, kaka anataja namba kwa sauti. Wa mwisho ulikuwa arobaini na sita. Tukarudia. Kipimo akahesabu mara yake ya tatu. Arobaini na saba hakuna. Hamsini na nane hakuna. Hatukuulizana zimekwenda wapi. Tulizichoma zile arobaini na sita palepale, nikamwomba fundi radhi.

Jumatatu nilimkalisha mama kwenye kiti nikatoa godoro lake nilianike. Kitanda chake ni cha zamani, kimetengenezwa kabla sijazaliwa, na Kipimo hajawahi kuingia chumba kile. Kina chaga kumi na mbili. Nilikuwa nazifuta vumbi tu.

Ya kwanza imeandikwa 47. Ya pili 48. Penseli. Nikaendelea kufuta mpaka ya miguuni. 58. Saba zote zina kistari.

"Mama," nikanong'ona, "leo unalala chumbani kwangu. Sitaki ubishi."

Mama alinyanyuka mwenyewe, bila mkongojo. Nilikuwa bado nimeduwaa pale miguuni pa kitanda alipopanda akajilaza juu ya zile chaga tupu.

"Mwache mgeni, mwanangu," akasema. "Amechoka kutembea."

Akasogea ukutani kumpisha.